Majani Imefika

Nyuma ya mtaa wetu kuna kipande cha mushitu. Apana, niandike vizuri: kulikuwa na kipande cha mushitu. Mushitu ni ule msitu mzito unaokaa mahali maji yanapotoka ardhini. Miti yake haipukutishi majani hata kiangazi, na ukiingia mle saa sita ya mchana unasikia baridi kwenye mikono kama umeitia ndani ya mtungi. Watu wa mtaa wanasema zamani ulikuwa mmoja tu, mrefu, ukifuata kijito kutoka upande wa reli mpaka nje ya mji. Mji ukakua, mushitu ukakatwa vipande. Kipande cha kwanza, cha karibu na reli, kiliishia kwenye tanuru za matofari. Cha pili, nyuma ya soko, kimekuwa jalala, na mti mmoja uliobaki watu wanaufungia mbuzi. Cha tatu kilikuwa chetu, chenye chemchemi, na ukitaka kukizunguka chote kwa miguu unamaliza kabla bukari, ugali wetu, haijaiva.

Ninaishi na nkambo wangu, mama ya mama yangu. Wazazi wako Kabondo-Dianda, wanalima, na barabara ya kule ni mbaya hata wakati wa jua, kwa hiyo walinileta Kamina kwa sababu ya masomo. Niko mwaka wa tano wa sekondari. Nkambo alikuwa ananiita mukewenza, kwa sababu nkambo mwanaume alipokuwa hai aliniita bibi yake, na yeye akajifanya kuona wivu. "Mukewenza, kuya uchote maji. Bwana yetu alikuachia weye nguvu, minyi akaniachia magoti." Mambo ya namna hiyo, kila asubuhi.

Mimi ni mtu wa kuogopa kusema. Si kwamba sina maneno. Yanapanda mpaka hapa kwenye koo, yanakaa. Kilasini wananiita Sista. Wakati wa kuita majina wengine wanajibu "niko!", mimi ninainua kidole. Njo maana ninaandika kwenye kaye, daftari langu, tangu mwaka wa kwanza. Haya ninayosimulia nimeyatoa kwenye kaye hiyo, isipokuwa machache niliyoyaonea haya hata mbele ya karatasi.

Nieleze kwanza kazi ya moto, maana bila hiyo hakuna mtu atakayeelewa nilichofanya.

Mushitu hauogopi jua. Unaogopa majani, yale marefu ya uwanda unaouzunguka. Kila kiangazi lazima kuna mtu atakayeyawasha: mwinda panya, mlimaji, mtoto mwenye kiberiti. Moto huo ukija mwezi wa nane, majani yamekauka na upepo umeamka, unaingia mpaka ndani na kuua. Kwa hiyo jamaa ya nkambo, tangu mji haujafika pale, walikuwa wanautangulia. Wanachonga kwanza njia ya jembe kuzunguka mushitu, upana wa mtu aliyelala, wanaifagia mpaka udongo mtupu. Halafu mwezi wa tano, mvua ikiisha kuaga, majani yakiwa nusu mabichi nusu makavu, wanayawasha wao wenyewe jioni, upepo ukitulia. Moto wa wakati ule ni mdogo. Unafika kwenye vifundo vya miguu, unatambaa, umande ukianguka unazimika wenyewe. Nkambo anauita moto wa kulamba. Ukishalamba, moto wa mwezi wa nane unakuta sahani tupu.

Lakini lazima ujue siku. Ukiwahi, majani hayashiki. Ukichelewa, umewasha moto mwingine kabisa, ule wa kula. Na siku haiko kwenye kalenda, inabadilika kila mwaka kufuatana na mvua. Nkambo anaijua kwa kuvunja jani karibu na sikio. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo. Analipinda, anasikiliza, analitupa. "Bado. Inalia kama maji."

Prof wetu wa biolojia alikuja kutoka Lubumbashi, mtoto wa makarani, suruali yake ina mkunjo hata kwenye matope. Aliupenda mushitu kuliko mtu yeyote ninayemjua, ukimtoa nkambo. Alitueleza kilasini kwamba kipande kama kile hakipo tena mjini. Alisema kuna miti mle ambayo ikikatwa hakuna mama mwingine wa karibu wa kutoa mbegu. Alisema yule ndege nduba, mwenye mabawa mekundu, anataka kivuli kilichoshikana, hawezi kuishi kwenye mti wa kufungia mbuzi. Prof alikuwa na majina ya Kilatini, nkambo ya Kiluba. Siku moja niliwafuata nyuma wakitembea mle ndani, kila mmoja akitaja jina lake kwa mti ule ule, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Mwezi wa pili prof alikuja nyumbani. Watu wa viwanja walikuwa wameanza kupita karibu na chemchemi na kamba ya kupimia, na hilo lilimwondolea usingizi. Alikaa kwenye kiti cha kamba, magoti yake juu sana.

"Mama, nimekuya kuomba. Mwaka hii mupumzike. Batoto ya masomo batawasha ile moto yenu. Tutaandika barua, mukubwa ya ofisi ya serikali atakuya, ataona na macho yake, kisha ataweka sinyatire kwenye karatasi: hapa hakuna kiwanja, hakuna kuchoma makala, hakuna tofari."

"Karatasi inazimaka moto?" nkambo akauliza.

"Apana, mama. Inazimaka bantu."

Nkambo akacheka mpaka akakohoa. Alimpenda tangu hapo.

"Basi. Lakini siku ya kuwasha, minyi njo nitasema. Si weye, si mukubwa. Nikishasikia majani, nitatuma huyu." Akanionyesha na kidevu.

"Huyu?" Prof akatabasamu. "Mama, huyu hata jina lake anajibuka na kidole."

"Kwani kidole haina maneno? Atasema."

"Sawa, mama. Nitangojea huyu."

Niliandika jioni ile: *Leo nimepewa kazi.* Nilipiga mstari chini yake. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Mwezi wa ine nkambo aliteleza kwenye chemchemi na bidoni ya maji kichwani, akaumia nyonga. Tangu siku ile hakwenda tena mbali kuliko mlango wa jikoni. Ikawa mimi ninamletea majani, kila asubuhi mkono mmoja, yeye anayavunja akiwa amekaa kwenye mkeka. Bado. Bado. Asubuhi moja ya mwezi wa tano alivunja moja, akachukua la pili, akalivunja polepole zaidi. Juu likakatika, chini likapinda.

"Majani imefika," akasema. "Mwambie leo. Iko na juma mbili, haina tatu."

Nilikwenda masomoni nikirudia njiani kama sala: nkambo anasema majani imefika. Maneno manne. Somo la biolojia lilikuwa la mwisho. Kengele ilipolia nilibaki karibu na meza, prof akifuta ubao, na wavulana wa nyuma bado hawajatoka. Shefu wa kilasi, msichana mwenye mdomo mkubwa kuliko sisi wote, akaniona nimesimama.

"Prof! Prof! Sista anataka kusema! Leteni maikro!"

"Nyamazeni, tusikie miujiza!" mwingine akadakia, na kilasi kizima kikacheka. Haikuwa kwa ubaya. Najua haikuwa kwa ubaya.

Prof akageuka, chaki kwenye vidole. "Ndiyo, binti?"

Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni. Kengele ilikuwa imekwisha kulia, mtu haombi ruhusa. Walicheka mpaka nilipofika kwenye uwanja.

Nyumbani nkambo alikuwa anangojea.

"Ulimwambia?"

"Ndiyo, nkambo."

"Akasema nini?"

"Akasema amesikia."

Ilitoka bila shida yoyote. Ukweli ulikuwa umekataa kutoka siku nzima, uongo ukatoka laini kama uji. Kwenye kaye ya siku ile niliandika tu: *Nitamwambia kesho.* Ukurasa unaofuata: *Kesho.* Halafu kuna mtihani wa hesabu, halafu mvulana mmoja wa mwaka wa sita, kurasa tatu nzima, ambazo sasa nikizisoma ninataka kuzichana.

Kwa nini sikusema kesho yake? Nimejiuliza sana. Jibu nililonalo si zuri. Baada ya kumdanganya nkambo, kumwambia prof kungekuwa pia kukubali kwamba nilichelewa siku moja. Kisha siku mbili. Kila siku iliongeza uzito juu ya yale maneno manne mpaka nikashindwa kuyainua.

Na prof alikuwa na matatizo yake. Mukubwa wa ofisi alisema atakuja Ijumaa, kisha akapata matanga. Akasema Ijumaa nyingine, gari likakosa mafuta. Akasafiri. Prof alitueleza kilasini, akijitahidi kucheka: "Tukiwasha bila yeye, kesho batasema tulichoma pori ya serikali." Halafu akaongeza maneno ambayo niliyaandika herufi kwa herufi, na ambayo ningependa nisingeyaandika: "Lakini tusiogope. Yule mama wa kule bado hajatuma muntu wake. Basi wakati ungali upo."

Alikuwa ananitazama? Sijui. Nilikuwa natazama vidole vyangu.

Nkambo akaanza kuuliza. "Moto iko wapi, mukewenza? Sisikii harufu."

"Wanangojea mukubwa, nkambo." Hilo lilikuwa kweli.

"Na majani nayo inangojea mukubwa?"

Jirani alimshauri atume mtu mwingine, akakataa. Alisema amemwahidi mwalimu kumtuma mtoto, mtoto ameenda, mwalimu amesikia. Mtu mzima hatumi mara tano kama anaomba chumvi. Akanuna. Alianza kusema juu ya prof maneno ambayo hakuyasema mbele, kwamba suruali yenye mkunjo haina masikio. Mimi nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo, nikatwanga kwa nguvu zaidi.

Mwezi wa saba ulipoanza, masomo yamefungwa, aliniita tena. Alikuwa na jani moja mkononi, na kabla hajalipinda likakatika lenyewe, *taa*, nikalisikia hata mimi.

"Imepita. Sasa sikiliza vizuri. Mwambie mwalimu aache kabisa. Mwaka hii kusikuwe moto. Bafagie njia ya jembe, baweke balinzi, bangojee mvua. Basi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Siku mbili baadaye nilikutana na prof kwenye chemchemi, peke yake, hakuna mvulana wa nyuma, hakuna wa kucheka. Alikuwa amefunga vichipukizi vya miti nyuma ya kinga yake, baiskeli ya zamani, kila kimoja ndani ya sashe nyeusi ya plastiki, akivimwagilia maji na kopo. Alitaka kuviotesha kuelekea upande wa soko, ili siku moja vipande viwili vishikane tena. Alinieleza hayo yote kwa furaha. Juu yetu nduba alikuwa anapiga kelele zake. Sikuwahi kupata nafasi nzuri kama ile, na sitapata nyingine.

"Prof," nikasema.

Akashusha kopo polepole, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege.

"Nkambo anawasalimia."

"Ah!" akasema. "Nami namusalimia sana. Nyonga yake iko namna gani?"

"Inaendelea vizuri."

Nikajaza bidoni, nikaondoka. Maji yalikuwa yanamwagika shingoni na sikuyafuta.

Baada ya hapo niliandika barua. Nilichana ukurasa katikati ya kaye, nikaandika yote, ujumbe wa kwanza na wa pili, na uongo wangu. Nilifika mpaka mlango wa nyumba yake. Nilisikia watoto wake ndani wakiimba, na mama yao akiwagombeza, nikaona aibu ya kubisha. Barua ile nimeibandika mahali pake. Ukifungua kaye unaona gundi.

Siku ya moto ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane. Mukubwa ndiye aliyeichagua, na prof aliogopa kumkosa tena, ingawa neno la nkambo lilikuwa halijamfikia. Tuliitwa tuje na sare, ingawa ilikuwa likizo. Walikuwa wamefunga turubai, viti vya plastiki, na maikro yenye kukwaruza. Tuliambiwa saa mbili asubuhi. Mukubwa alifika karibu saa sita, na watu wake wawili na mpiga picha. Jua lilikuwa juu ya vichwa, na upepo ulikuwa unageuza turubai kama nguo iliyoanikwa. Njia ya jembe tuliyoichonga sisi wanafunzi mwezi wa tano ilikuwa imejaa majani makavu. Hakuna aliyeifagia. Prof aliipitia haraka haraka na fagio moja, mkunjo wa suruali umepotea kwa vumbi, akitoa jasho.

Kabla ya kuwasha alisimama. Niliona uso wake, alikuwa na wasiwasi. Akatugeukia sisi wanafunzi.

"Wale bazaliwa ya hapa. Munaonaje hii upepo?"

Na akanitazama mimi. Safari hii nina hakika.

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi jekundu na kamba moja ilikuwa imefunguka. Ninaweza kuchora kamba ile.

"Prof, tuwashe," mukubwa akasema. "Minyi niko na safari. Upepo ya saa sita inatulia yenyewe."

"Shefu, labda tungengojea jioni..."

"Jioni picha haionekane."

Watu wakacheka kwa heshima. Mukubwa akashika mwenge wa majani, mpiga picha akapiga magoti, shefu wa kilasi akaanzisha wimbo, na moto ukawashwa.

Haukutambaa. Ulisimama. Kwa mara ya kwanza niliona moto mrefu kuliko mtu, ukiinama kama unatafuta kitu. Wimbo ulikatika katikati. Ulifika kwenye njia ya jembe na haukupunguza hata mwendo, ukaruka kwa yale majani makavu tuliyoacha kufagia, ukaingia. Kila mtu akakimbia. Wakubwa walikimbilia gari. Sisi tulikata matawi, tukapiga, tukapitisha bidoni mkono kwa mkono kutoka kwenye chemchemi mpaka moshi ukatufukuza huko pia. Prof alikuwa mbele, shati lake limeungua mgongoni, akipiga kelele majina ya miti. Nadhani hakujua kwamba anayasema. Wale nduba walitoka juu, wawili, mabawa mekundu kabisa ndani ya moshi, wakaenda upande wa reli ambako hakuna kitu.

Hakuna mtu aliyekufa. Shamba moja la mihogo liliungua. Ilipofika jioni watu walisema umezimika, wakarudi nyumbani.

Haukuzimika. Udongo wa mushitu si udongo, ni majani ya zamani yaliyooza miaka na miaka, na kiangazi unakauka juu. Moto ulishuka chini ukala mizizi. Juma lote lile ulikuwa unaweza kupita mchana, ukaona mti umesimama, mzima, una majani ya kijani, na mara unalala chini bila mtu kuugusa. Tulikuwa tunasikia kutoka nyumbani. Puu. Nkambo akikaa kwenye mkeka anautaja kwa Kiluba, kwa mlio wake tu, ule wa karibu na maji, ule wa kwenye mpindo wa kijito. Siku ya tano akaacha kutaja.

Prof akaja kuomba msamaha. Hakutaka kiti. Nkambo hakumpa.

"Minyi nilituma mutoto mara mbili," nkambo akasema. "Mara ya kwanza: majani imefika. Mara ya pili: acha. Ulisikia, ukaweka mukubwa mbele ya majani. Masikio yako iko ya kuwekea nini? Miwani?"

Nilikuwa mlangoni, na sahani ya mihogo ya kukaanga niliyotumwa kumletea mgeni. Prof akainua macho, akanitazama. Nikaona anaelewa. Ilimchukua muda mfupi sana, kama mtu anayemaliza hesabu ambayo tayari alikuwa anajua jibu lake. Nikangojea aseme.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nilisikia. Ni kosa yangu."

Akatoka. Sahani ikabaki mikononi mwangu.

Mwezi wa kenda masomo yalifunguliwa bila yeye. Barua ilikuwa imefika: aache kufundisha mpaka wachunguze nani alichoma mushitu. Aliyeshika mwenge hakutajwa. Mvua za kwanza zilipoanguka, majivu yakaingia kwenye chemchemi, tukachota maji ya kijivu, kisha maji kidogo, kisha tope. Halafu asubuhi moja nikaona vijiti. Vimepakwa rangi nyeupe kwenye ncha, vimepigwa kwa mstari ulionyooka katikati ya visiki, na kamba kati yake. Vile vichipukizi vya prof, kwenye sashe nyeusi, vilikuwa bado vimepangwa kando, vyote vimeiva kwa joto.

Siku ile nilichukua kaye, nikakaa chini mbele ya nkambo. Hajui kusoma. Nikamwambia, "Nkambo, niko na kitu ya kukusomea." Kusoma kunaniwezekana, kwa sababu maneno tayari yako nje. Nikasoma siku ya chooni. Nikasoma *Nitamwambia kesho*. Nikasoma barua iliyobandikwa. Hakunikatiza. Mikono yake ilikuwa inachambua maharagwe, na nilipofika kwenye chemchemi ikasimama.

"Soma tena pale."

"*Nkambo anawasalimia*."

"Njo ulisema hivyo? Peke yako na yeye?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikamutukana ndani ya nyumba yangu." Nilitaka anipige. Akaanza tena kuchambua maharagwe, moja moja. "We mutoto," akasema. Hakusema mukewenza, na mpaka leo ninapoandika hajasema. "Nilikutuma. Bado hujafika. Simama, wende umwambie."

"Niombe msamaha?"

"Sikukutuma msamaha. Sema kile nilikutuma."

Nikaenda. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Prof alikuwa nje, amepindua kinga yake, anatengeneza mnyororo, mikono myeusi kwa mafuta. Mke wake alikuwa anatwanga, watoto wawili wakicheza kwenye dimbwi. Wote wakanitazama. Nilisimama pale mpaka mke wake akaacha kutwanga.

"Prof," nikasema. "Nkambo anasema majani imefika."

Alibaki ameshika mnyororo. Hakucheka wala hakukasirika.

"Nimesikia," akasema. Kisha, polepole: "Na ya pili?"

"Anasema kusikuwe moto mwaka hii."

"Nimesikia." Akapangusa vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja. "Ungesema siku ile ya kwanza, binti, ningewasha jioni ile ile. Barua au hakuna barua. Kiberiti ilikuwa mufukoni mwezi muzima, namungojea muntu wa mama."

Ndilo jambo nililokuwa nataka kujua tangu mwezi wa nane, na ndilo nililokuwa naomba Mungu nisilijue. Mke wake akaanza tena kutwanga.

Nilirudi kwa njia ya vijiti, kwa sababu ndiyo fupi sasa, hakuna mti wa kuzunguka. Nkambo alikuwa palepale kwenye mkeka.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Akasema nini?"

"Akasema amesikia."

Akanitazama usoni kwa muda, kama anavyotazama jani kabla ya kulivunja. Kisha akanionyesha na kidevu bidoni iliyo tupu karibu na mlango. Chemchemi ya karibu sasa ni ile ya ng'ambo ya reli. Kwenda na kurudi, maharagwe yanaiva na kupoa.